ZZ ni mmea wa kwetu, tusiuozeshe kwa maji

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuuzungumzie mmea uliojaa siku hizi katika maofisi, mabenki, hoteli na vibaraza vya nyumba: ule wenye majani mazito ya kijani kilichokoza, yanayong'aa kana kwamba yamepakwa nta. Vitaluni unaitwa ZZ, kifupi cha jina lake la kitaalamu, Zamioculcas zamiifolia. Wanunuzi wengi huambiwa kuwa ni ua la kutoka nje, kisha huelekezwa walimwagilie kila asubuhi. Yote mawili si kweli, na hilo la pili ndilo linaloua.

Mmea huu ni wa Afrika Mashariki na Kusini. Huota wenyewe tangu Kenya, kupitia Tanzania, Zanzibar ikiwamo, hadi KwaZulu-Natal. Ni wa ukoo mmoja na magimbi. Wazungu waliuandika mwaka 1829, pale kitalu cha Loddiges cha London kilipoutangaza kwa jina la Caladium zamiaefolium. Jina la sasa lilikamilishwa na Adolf Engler mwaka 1905. Vitalu vya Uholanzi vilianza kuuzalisha kwa wingi katikati ya miaka ya 1990, ndipo ukasambaa duniani.

Asili hiyo ndiyo inayoeleza namna ya kuutunza. Porini huvumilia miezi ya kiangazi bila mvua. Chini ya udongo una shina nene mfano wa viazi, na humo huweka akiba ya maji. Kinachoonekana kama tawi ni jani moja zima, na kikonyo chake kilichovimba kwenye kitako kimejaa maji pia. Kiangazi kikizidi, hupukutisha vijani, yaani majani madogo yaliyopangwa kwenye kikonyo, na kubakiza kikonyo. Tena ukikosa maji huweza kuvuta hewa ya ukaa usiku, wakati wa baridi, ili usipoteze unyevu mchana. Mmea wa namna hiyo ukimwagiliwa kila siku, udongo hukosa hewa, mizizi hufa, vimelea vya ukungu huingia na viazi huoza.

Kwa mmea wa ndani ya nyumba katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, maji mara moja kila wiki mbili au tatu yanatosha. Nairobi, Iringa au Njombe katika miezi ya baridi, hata wiki tano si nyingi. Lakini kalenda isikutawale. Chomeka kijiti kikavu hadi karibu na sakafu ya chungu, kiache dakika kumi, kisha kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo ulioganda, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kuudonyezea nusu kikombe kila siku mbili ni kubaya kuliko kuumwagilia kikamilifu na kuuacha ukauke.

Dalili moja huwachanganya hata wazoefu: kikonyo kilichonywea na kujikunja. Wengi wakiona hivyo hukimbilia ndoo. Gusa udongo kwanza. Ukiwa mkavu, mmea una kiu kweli, na baada ya kumwagiliwa utajaa tena baada ya siku chache. Udongo ukiwa majimaji na kikonyo kimenywea, mizizi imekwisha oza na haiwezi tena kunywa; maji ya ziada yatammalizia mgonjwa. Jani moja la zamani kugeuka njano si tatizo. Majani matatu au manne kwa pamoja, yenye kitako laini kinachobonyea, ni kuoza. Vidoa vyeusi vidogo kwenye vikonyo ni rangi yake ya kawaida, wala havihitaji dawa.

Ukigundua umeoza, utoe chunguni, uoshe viazi, kata kila sehemu laini au yenye harufu kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, hadi ufike penye nyama ngumu nyeupe. Paka unga wa mkaa kwenye majeraha, uanike kivulini siku tatu au nne, kisha upande kwenye udongo mpya mkavu. Usimwagilie kabla ya siku kumi kupita.

Udongo tunaoutumia ni sehemu mbili za udongo tifutifu, mbili za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mkaa uliopondwa kama punje za mahindi. Mchanga wa baharini usitumike, una chumvi. Makumbi ya nazi ni mazuri badala ya mboji, ila kama yalifukiwa baharini yaloweke kwenye maji baridi na kuyabadilisha mara tatu, la sivyo ncha za majani zitaungua. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi pia. Wenye visima hivyo wakinge maji ya mvua.

Chungu kiwe na matundu. Tunasikitika kuona vyungu vya mapambo vya bei kubwa visivyo na tundu hata moja, na wapambaji wa ofisi wakiweka kokoto chini wakidhani zitasaidia. Hazisaidii: maji huning'inia kwenye udongo ulio juu ya kokoto, yakasogea karibu zaidi na mizizi. Upana wa chungu uzidi fungu la viazi kwa sentimita 3 hadi 5 tu, maana udongo mwingi usio na mizizi huchelewa kukauka. Viazi vikianza kuvimbisha chungu cha plastiki, ndipo uhamishe. Mbolea ya NPK 17:17:17, nusu kijiko cha chai katika lita mbili za maji, kila baada ya miezi miwili wakati unachipua, inatosha. Majani yafutwe kwa kitambaa chenye maji matupu. Mafuta ya kula na maziwa hugandisha vumbi na kuziba vitundu vya majani. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba kwenye maungio, wafute kwa kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja.

Bustanini panda mwanzo wa masika chini ya mwembe au mti wowote wenye kivuli chepesi. Jua la asubuhi halidhuru, la saa saba huunguza. Nafasi iwe sentimita 50, na penye udongo wa mfinyanzi inua tuta sentimita 20. Huvumilia kona yenye mwanga hafifu, ila huko vikonyo hurefuka na kulala, gizani hautaishi.

Kuuzalisha ni rahisi kwa mwenye subira. Kugawa viazi ndiyo njia ya haraka. Ukitaka miche mingi, kata vijani pamoja na kikonyo chake kidogo, viache siku moja vikauke, uvichomeke theluthi moja kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Ndani ya miezi miwili au mitatu kila kijani huwa na kiazi kama punje ya njegere. Chipukizi huchukua miezi sita hadi mwaka, na hapa ndipo wengi hutupa vijani vilivyonyauka bila kujua kiazi kiko hai. Fukua kwa kidole kwanza.

Kwa kuwa jani moja hutoa miche zaidi ya kumi, hakuna sababu ya kuchimba mmea huu misituni kwa ajili ya soko. Wanunuzi waulize mche umetoka wapi.

Mwisho ni usalama. Uvumi kwamba ZZ huleta saratani hauna msingi. Lakini utomvu wake una chembe kali za kalisi okzaleti, kama zilizomo katika magimbi mabichi. Huwasha ngozi, na ukitafunwa huunguza mdomo na koo. Vaa glovu unapokata viazi, na chungu kikae mbali na mtoto anayetambaa na paka anayetafuna majani.

Watunza vitalu vya maua,
Tanga