Kaka Deo, sahihi yangu hutaipata

Linz, Austria

Kaka Deo,

Shikamoo. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Hela ya seng'enge ya kumzungushia dada yetu Aneth kwenye kihamba, shamba la migomba la Baba, situmi, na ile karatasi ya ukoo ya kulikubali jambo hilo siisaini. Hela ya dawa za Mama nimemtumia Aneth jana.

Umeniuliza: kama paroko amesikia habari ya kihamba na hakukataza, mimi ni nani wa kukataa? Neno hilo limeniuma kuliko matusi.

Unakumbuka Baba, katekista wetu, kila usiku alivyozima redio kabla ya sala ili kila mtu achunguze dhamiri yake? Hakutudai tumwambie tulichokiona. Ule mwaka nilioiba mayai kwa Mama Wawili, nililia gizani naye akanisikia, akanyamaza. Asubuhi niliyarudisha mwenyewe, na mpaka anakufa hakuniuliza. Katekisimu yote niliyosoma kwa ajili ya kipaimara haijanikaa kama ukimya ule.

Huku kuna mtu nataka umjue. Mwezi uliopita tulikwenda na wanaparokia St. Radegund, kijijini kwa Mwenyeheri Franz Jägerstätter. Alikuwa mkulima kama sisi, mtunza sakristia, ana mke na watoto wadogo. Mwaka 1938, Hitler alipoitwaa Austria na watu wakapigishwa kura, kijiji kizima ni yeye peke yake aliyesema hapana. Alipoitwa jeshini akakataa kupigana vita vile. Padre alimsihi akubali. Akaja hapa Linz kwa Askofu, naye akamwambia afikirie familia yake. Walimhurumia, siwalaumu sana. Lakini walikuwa wanamwomba aache yale yale waliyomfundisha tangu utoto. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, akiwa na miaka 36. Mwaka 2007 akatangazwa Mwenyeheri katika kanisa kuu la hapa Linz, na mjane wake, Franziska, akiwepo kwa macho yake.

Kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano maaskofu walisema dhamiri ni patakatifu pa mtu, anapokuwa peke yake na Mungu wake. Sasa paroko ataingiaje mle kunisainia? Kazi yake ni kunifundisha, na alishanifundisha: usidhulumu.

Aneth ndiye aliyemgeuza Baba kitandani miezi tisa. Wewe ulikuwa Arusha, mimi nilikuwa huku natuma hela na kujiona nimemaliza. Leo kwa sababu ameachika na kurudi na watoto, mnataka kumzungushia seng'enge abaki na njia ya kupita tu? Kwa mila, kitinda mimba ndiye mrithi wa nyumba ya Baba na migomba inayoizunguka. Basi mimi kitinda mimba nimesema: upande wa mfereji ni wa Aneth, na nitaandika hivyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Mwambie Mama nimefaulu mtihani wa uuguzi, wote kwa Kijerumani, na darasani nilikuwa wa pili. Cheti nimekitundika ukutani, picha atatumiwa. Kuna jioni natoka kazini nasikia kabisa harufu ya moshi wa jiko lake, halafu nageuka naona tramu.

Tiketi ya Desemba nimeshalipia. Nitafikia kwa Aneth, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ya Krismasi itengenezwe huko huko. Nawe uje, kaka.

Mdogo wako