Barua kwa Mama Ima, kabla ya usaili wa tarumbeta

Nyakato, Mwanza

Mama Ima mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi wote wazima, Baba Kabula bado anahangaika na kazi zake, mvua zimekata na dagaa wameshuka bei pale sokoni Mwaloni. Barua yako imefika, nimeisoma, na usiku watoto walipolala nikairudia tena. Umeuliza mengi, ila naona yote yanazunguka jambo moja. Ima ameitwa kwenye usaili wa okestra ya vijana huko kwenu Nairobi mwezi wa saba, mwalimu wake mpya anasema kusoma nota bado, baba yake anasema tarumbeta inakula muda wa shule, na wewe unajiuliza utamsaidiaje mtoto wakati hujui hata nota moja.

Nianze na hilo la mwisho maana ndilo linalokunyima usingizi. Kutojua nota hakukuzuii kitu, mwenzangu. Kazi yako ni kukaa naye chumbani anapofanya mazoezi, umsikilize. Nasema kukaa kweli: sufuria umeshaipua, simu iko mbali, umetulia kwenye kiti mpaka amalize. Yule mwalimu Mjapani, Shinichi Suzuki, ambaye njia yake ya kufundisha violini imeenea duniani, aliwataka wazazi wahudhurie vipindi pamoja na watoto, kisha wawasimamie mazoezi nyumbani. Hakumtaka mzazi awe mwanamuziki, alimtaka awepo.

Faida yake nimeiona kwa macho yangu. Kabula wangu husimama kati ya kitanda na cherehani, violini begani, mimi nakaa pembeni nashona vifungo kwa mkono ili mashine isimpigie kelele. Violini ina nyuzi nne, G, D, A na E. Akiweka kidole cha tatu kwenye uzi wa D inatoka G ya juu. Hiyo G ikikaa sawasawa, ule uzi mnene wa G, ambao hajaugusa kabisa, unatetemeka wenyewe, na sauti ya chombo kizima inafunguka. Kidole kikipotoka kidogo tu, uzi unabaki kimya na sauti inakuwa kavu. Mwalimu alinionyesha siku moja baada ya kipindi. Tangu hapo, nikiona uzi umelala namwambia, "Mwanangu, tazama G yako." Basi, sina la kuongeza. Anasogeza kidole mwenyewe, uzi unaamka, tunaendelea. Mpaka leo sisomi nota, lakini mwalimu anasema mtoto anayekaa na mtu nyumbani anamjua hata kabla hajaambiwa.

Kwenye tarumbeta hakuna uzi wa kutazama, ila yapo mengine. Tazama mabega yake anapovuta pumzi. Yakipanda kuelekea masikioni, ujue pumzi imebaki juu kifuani, haijashuka tumboni. Halafu midomo. Tarumbeta inachosha midomo kuliko watu wanavyodhani, na wapigaji wazoefu katika mazoezi hupumzika karibu muda ule ule waliopiga. Mtoto mwenye hamu hapumziki. Akichoka anaikandamiza mdomoni apate sauti za juu kwa nguvu, mpaka alama ya duara inabaki kwenye midomo, na sauti zenyewe zinakataa. Hapo sasa ndipo pa mama: "Iweke chini kidogo, kunywa maji." Habari ya kukosea usimtajie, anaijua kuliko wewe.

Sasa nije kwenye nota. Mimi namkumbuka Ima enzi za Igoma, huku Mwanza, akifuata bendi ya matarumbeta kwenye harusi za watu, wimbo anausikia mara moja anaushika, akirudia anatia mapambo yake. Lile ni sikio, Mama Ima, na wapo watoto waliokaa na nota miaka wasiolipata. Nakuomba sana usikubali mtu yeyote, hata awe mwalimu, amtie aibu mtoto kwa sababu alianzia kwenye matarumbeta ya harusi. Na asiyaache. Akija likizo huku akapanda gari na bendi Jumamosi, mwache apige.

Kinachomsumbua ni hiki. Sisi kwenye kwaya tumelelewa na sol-fa, ile ya do re mi, do inahama kila wimbo, mwalimu anaandika juu "Doh ni G" au "Doh ni F" na sote tunaelewana. Ima anafikiri kwa namna hiyo hiyo. Okestra inampa mistari mitano ambayo kila nota ina jina lake na halihami. Halafu tarumbeta yake ni ya B flati (B iliyoshushwa nusu hatua) kama zilivyo nyingi, yaani nota iliyoandikwa C, kwake inatoka B flati ya kinanda. Ndiyo sababu alipojaribu kupiga kwa karatasi ya mpiga kinanda wa parokia yenu wakapishana mpaka akatoka analia. Hakukosea chochote. Mpiga tarumbeta huandikiwa karatasi yake mwenyewe, na mwalimu angemweleza hilo mapema yule mtoto asingelia.

Hilo la kusoma nota papo hapo, yaani kupiga karatasi ambayo hujawahi kuiona, lina dawa, na dawa yake ni ndogondogo kila siku. Kabula anajiandaa na mitihani ya ABRSM, ile bodi ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, yenye madaraja 1 hadi 8. Mtihani wa kupiga chombo una alama 150: vipande vitatu alama 30 kila kimoja, skeli (kupanda na kushuka ngazi ya sauti) 21, kusoma papo hapo 21, na mazoezi ya sikio 18. Kufaulu ni 100. Sasa watoto wengi wanaona 21 si kitu, wanaweka nguvu zote kwenye vipande vitatu, wanavikariri, wanafaulu. Cheti kinatundikwa ukutani. Kisha mtoto anaingia okestra, anawekewa karatasi ambayo hajawahi kuiona, wenzake wanaondoka yeye amebaki mstari wa kwanza. Kwa hiyo mtafutie Ima mstari mmoja mpya kila jioni, wowote, hata kutoka kitabu cha nyimbo za kanisa chenye nota. Mpe nusu dakika autazame bila kupuliza, kama wanavyofanya kwenye mtihani. Aangalie alama za mwanzoni, mapigo ni mangapi, na mahali penye nota za mbio ni wapi. Mwendo auchague kwa kupatazama hapo penye mbio, wala si kwa kutazama mwanzo ulio rahisi. Halafu apige mpaka mwisho bila kurudi nyuma, hata akiharibu. Kurudi nyuma ndiko kunakoua. Kesho mstari mwingine, ule wa jana usirudiwe.

Lipo pia jambo ambalo wewe utamfaa kuliko mwalimu. Kwenye harusi tarumbeta haipumziki, inaita kuanzia kanisani mpaka ukumbini. Kwenye okestra mpiga tarumbeta ananyamaza sana. Anaweza kukaa mapigo mengi mno wakati violini zinafanya kazi, na ikifika zamu yake lazima aingie papo hapo, tena kwa sauti ambayo ukumbi mzima utaisikia. Kukaa kimya huko kunahesabiwa: moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, namba ya kwanza inabadilika ili ujue umefika kipimo cha ngapi, yaani fungu la ngapi la mapigo hayo manne. Mtafute wimbo wa okestra kwenye simu, mkae wote wawili, mhesabu pamoja kwa vidole mapajani mpaka tarumbeta iingie. Hapo hakuna nota wala kupuliza. Mkipotea mnaanza upya. Ima atacheka mwanzoni, lakini akizoea hilo ataingia mle akiwa na kitu ambacho wenzake wengi hawana.

Kuhusu siku yenyewe. Wewe na mimi tumekulia karibu na Bujora, tunajua Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, inavyokuwa kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi. Vyama viwili vya ngoma vinashindana, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, ngoma ya bugobogobo inanguruma, na umati unahamia kule kunakonoga. Mchezaji anajua hapo hapo kama amependwa. Ima amezoea hivyo, amezoea vigelegele na watu kumtunza. Chumba cha usaili ni kinyume chake kabisa. Kuna meza, watu wawili watatu wamekaa na kalamu, hakuna anayetabasamu, hakuna anayepiga makofi, wanaandika wakati yeye anapiga. Mtoto wa harusi akikutana na ukimya ule anadhani ameshaharibu, na hapo ndipo anaharibu kweli. Mzoeshe. Waite majirani wawili wakae sebuleni, apige kipande chake chote, na uwaombe wasiseme neno wala kupiga makofi, waandike tu kitu kwenye karatasi. Na mwambie kabisa kwamba wanaweza kumkatisha katikati wakasema "asante, inatosha". Mara nyingi maana yake wamesikia walichotaka na muda unabana. Asitoke pale amevunjika moyo kwa neno asante.

Kipande chenyewe kiwe rahisi kuliko uwezo wake wa juu. Najua walimu wengine wanapenda kuonyesha wanafunzi wao wamefika wapi, lakini wanaosikiliza wanataka sauti safi, mapigo yasiyoyumba na nota zilizokaa mahali pake, na hayo mtoto huyatoa kwenye kipande alichokizoea. Kipande kigumu mwachie cha mwakani.

Nairobi mwezi wa saba ni baridi, nawe unaniandikia kila mara kuhusu masweta. Tarumbeta ikipoa sauti inashuka, ikipata joto inapanda. Afike mapema, apulizie hewa ya joto ndani yake bila kutoa sauti wakati anasubiri, na aikumbatie ndani ya sweta kabla hajaitwa. Pistoni, zile anazobonyeza kwa vidole, azitie mafuta usiku wa kuamkia siku hiyo. Msimnunulie tarumbeta mpya kabla ya usaili, hata Baba Ima akibadilika moyo ghafla akatoa hela. Chombo anachokijua ndicho aende nacho.

Wasipomchukua, kumbuka hesabu ya viti. Okestra ina violini nyingi, lakini tarumbeta mbili au tatu zinatosha, na Nairobi vijana wa tarumbeta hawakosekani. Hapo hapo Nairobi, mtaa wa Korogocho, kuna Ghetto Classics, mradi wa kufundisha muziki ulioanza mwaka 2008 kanisani, imefundisha watoto wengi wa mtaa ule vyombo hivi hivi. Wakimchukua wakampa tarumbeta ya pili, msinung'unike. Wewe na mimi tuliimba alto pale parokiani miaka yote ile, tunajua wimbo bila sauti ya pili unavyobaki uchi. Kabula kwenye kikundi chake hapa amewekwa violini ya pili, na shangazi yake mmoja akasema mbele ya mtoto kwamba ati amekosa ya kwanza. Nilimkatiza pale pale, nikamwomba Kabula apige sehemu yake peke yake, kisha nikamwomba mwenzake aliyekuja naye apige ya kwanza, halafu wote pamoja. Shangazi aliisikia mwenyewe.

Baba Ima mwache kwanza. Usibishane naye kwa maneno, mpangie mtoto muda: masomo kwanza, halafu nusu saa ya tarumbeta kabla majirani hawajalala, kila siku, isiwe masaa matatu Jumapili. Akiona madaftari yamekamilika na saa haikiukwi, sababu yake itakuwa imepungua nguvu. Na siku moja mwombe akae yeye kwenye kiti chako, wewe upike. Amsikilize tu.

Nitumie picha ya kipande alichochagua. Kabula anataka kumtafutia mistari ya kusoma papo hapo, awe anaupiga picha mmoja kila jioni na kumtumia, na yeye Ima amtumie sauti. Wamekubaliana wenyewe juzi kwenye simu, mimi nimepewa taarifa tu. Tarehe kamili ya usaili uniandikie mapema, nataka kuipeleka jumuiyani wamwombee kwa jina.

Msalimie Baba Ima na wadogo zake Ima wote. Bibi yenu wa Kisesa anauliza mtakuja lini.

Rafiki yako,
Mama Kabula