Nobu za plagini zipewe anwani ya kudumu

Ndugu Mhariri,

Poleni na kazi. Mimi ni fundi sauti hapa Morogoro na ukurasa wenu wa teknolojia huwa siukosi. Mnawaandikia sana vijana wanaotengeneza muziki kwa kompyuta ila kuna kitu sijaona mkikigusa na kinatuumiza sisi tunaotumia programu za kuchora, zile unaweka maboksi kwenye skrini unayaunganisha kwa nyaya, kama Pure Data ya Miller Puckette ambayo ni ya bure na hata laptopu yangu iliyozeeka inaibeba.

Mwezi uliopita nilikua na harusi Kihonda. Maiki ya MC naipitisha kwenye plagini (kiprogramu kidogo cha kuongezea) ya eko ndani ya Pure Data, nimejitengenezea slaida, ukiipandisha inatuma ujumbe mfupi tu: 4 alafu 0.9, yani parameta (ndo nobu, kile kitufe cha kurekebisha sauti) namba 4 iende asilimia 90. Namba 4 ilikua ni kiasi cha eko kinachosikika. Siku mbili kabla nikaapdeti plagini, kumbe waliotengeneza wameongeza nobu mpya wakaichomeka katikati ya orodha, kwaiyo namba 4 sasa ni fidibaki, sauti inajilisha yenyewe. MC anatangaza maharusi wanaingia, mi napandisha slaida kama siku zote, lile neno "wanaingiaaa" likaanza kurudi na kurudi na kupanda mpaka spika zinalia, wazee wa meza ya mbele wameziba masikio na mama wa bibi harusi kanikodolea macho. Kwenye skrini hakuna kosa lolote, kila waya uko mahali pake. Nikazima mikisa nzima, maharusi wakaingia kimya. Iliniuma sana.

Kuita nobu kwa namba ya foleni ni sawa na kumwelekeza mgeni "nyumba ya nne toka kwenye mwembe", mtu akijenga kwenye kile kiwanja kilichokua wazi mgeni anagonga kwa jirani. Si ndo maana 2022 kabla ya sensa tulibandikiwa anwani za makazi? Na hata kuhesabu kwenyewe hawaelewani, boksi la plagini kwenye Max, programu nyingine ya kuchora, linahesabu parameta kuanzia 1, boksi la vstplugin~ linalofungua plagini kwenye Pure Data linaanzia 0, nobu ileile ni 5 huku na 4 kule.

Mtu atasema tumia jina. Sawa, maboksi yote mawili yanakubali jina na nawashauri vijana waanze leo, ila jina nalo liliandikwa lisomwe na macho. Kanuni za VST 2, mfumo wa zamani wa kuandikia plagini, zililipa herufi 8 tu ndo maana mnakutana na vifupisho visivyoeleweka, na leo imeandikwa Mix kesho wanaona Dry/Wet inapendeza zaidi, pachi yako, yani ule mchoro wa maboksi na nyaya, imekufa. VST 3 ilikuja na kitambulisho cha kudumu kwa kila parameta, kama namba ya NIDA, haijali umesimama wa ngapi kwenye foleni, lakini plagini nyingi kwenye laptopu yangu bado ni za VST 2.

Waliofikiri vizuri kuliko wote kwa maoni yangu ni watu wa LV2, mfumo mwingine wa plagini. Kila nobu ina alama yake ya mashine, herufi bila nafasi katikati, hiyo haiguswi, alafu ina jina la binadamu ambalo unaruhusiwa kulibadilisha na hata kulitafsiri. Yani mtu anaweza kuandika "Mwangwi", akaweka alama ya lugha sw, na hakuna pachi hata moja duniani itakayoharibika! Kijana ninayemfundisha studio nikimwambia punguza marudio anapunguza palepale, nikimwambia fidibaki ananiangalia.

Kwaiyo ndugu zangu mnaoandika plagini, nobu mpya iwekeni mwisho wa orodha jamani. Na nyie wenye pachi msitawanye namba kila kona, mimi sasa slaida zote zinatuma kwa majina yangu mwenyewe na namba imeandikwa kwenye boksi moja tu, plagini ikibadilika narekebisha hapohapo.

Mhariri, kama mtatenga hata kanafasi kadogo ka majina ya nobu kwa Kiswahili mimi nimeshaanza: mwangwi, marudio, kiasi, na ile inayokata sauti nyembamba bado nabishana na wenzangu tuiteje.

Fundi sauti,
Morogoro