Kwa swahiba wangu wa Mwanza, kuhusu pikipiki isiyonguruma

Nyamirambo, Kigali

Swahiba wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Huku sisi ni wazima, mvua zinanyesha na milima yote imekuwa kijani. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya kwenda karakana. Nimeona bora nikuandikie, maana ulichouliza hakijibiki kwa haraka, na najua wenzako kijiweni watataka wasomewe.

Kwanza hongera kwa kumaliza mkataba. Kupeleka hesabu kwa tajiri kila siku, jua lake mvua yake, hadi kadi ya pikipiki yako ya Boxer ikaja mkononi mwako, si jambo dogo. Sasa unasema umepata mtu wa kukukopesha pikipiki ya umeme, lakini vijana wa Buzuruga wamekutia hofu: eti chombo kisichopiga kelele kitakuua, na kwamba ile ekzosi, bomba la moshi lililotobolewa ili lingurume, ndiyo imekuweka hai miaka yote hii kwenye barabara ya Nyerere.

Hapo ndipo nilipokosa raha. Wenzako wanaliamini jambo hilo kwa moyo wote, na wanaliwekea roho zao rehani.

Tuiangalie ekzosi yenyewe. Boxer ina silinda moja ya mipigo minne, kwa hiyo mafuta hulipuka mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini. Ukivuta hadi mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 50 kila sekunde. Ndani ya ekzosi kuna vyumba na bomba lenye matundu, kazi yake kuuvunja nguvu kila mlipuko kabla haujafika nje. Fundi akivikata, mlipuko unatoka mzimamzima, na unatokea nyuma. Anayeusikia vizuri ni yule uliyekwisha kumpita: mama wa mihogo, mwanafunzi pembeni mwa barabara, mgonjwa aliyelala chumba cha uani. Dereva wa daladala anayetaka kukata kulia mbele yako amefunga vioo, redio inaimba, konda anagonga bodi. Huyo anakusikia ukiwa tayari ubavuni kwake, na hata hapo hajui sauti inatokea upande gani.

Njoo ushinde karakana kwetu siku moja uone pikipiki zinavyoletwa baada ya ajali. Uma wa mbele umepinda, rimu ya mbele imekuwa yai, taa imepasuka, usukani umekwenda upande. Unazunguka nyuma unakuta taa nyekundu nzima na madigadi haina hata mkwaruzo. Hatari inayompata mwendesha pikipiki mara nyingi inatoka mbele yake, na hili si la Kigali peke yake. Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ya ajali takriban 900 za pikipiki alizochunguza na wenzake eneo la Los Angeles. Katika zile zilizohusisha chombo kingine, thuluthi mbili zilisababishwa na dereva wa chombo hicho kuingia njia ya pikipiki, na sababu kubwa ilikuwa kutoiona. Tena nyingi zilitokea kwenye makutano. Ripoti ikasema kinachosaidia ni kuonekana: taa ya mbele iwake hata mchana, na mwendeshaji avae koti la njano, la machungwa au jekundu lenye kung'aa. Tangu hapo ni zaidi ya miaka arobaini, na bado vijana wanalipa fundi awatobolee ekzosi huku taa ya mbele imeungua na hawanunui globu.

Washa taa, swahiba. Hata saa sita mchana, jua la utosi. Lile koti jeusi ulilopenda kwa sababu halionyeshi uchafu, lipe kazi nyingine.

Umelalamika pia kwamba usiku masikio yanakuvumia, na shemeji anasema redio unaiweka juu mno. Hilo usilichukulie uchovu. Wataalamu wa afya kazini wameweka kikomo cha sauti cha desibeli 85 kwa muda wa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda salama unapungua nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 94 umebakiwa na saa moja tu. Wewe unashinda juu ya ekzosi iliyokatwa tangu alfajiri hadi saa nne usiku, na upepo unapiga humo humo. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na vikifa haviponi wala havioti tena. Nenda ukapimwe masikio kabla hujaamua lolote kuhusu pikipiki. Na mfikirie Mama pale Mabatini. Nyumba zimepanda miamba hadi juu, na kelele ya barabarani inapanda nayo. Ukirudi usiku hupiti wewe peke yako, unawaamsha wote wa kilima kile, na wengi wao wanadamka kwenda mwaloni kwenye samaki kabla hakujapambazuka.

Sasa nikueleze huku kulivyo, maana umeniuliza kama ni kweli au ni maneno ya watu.

Ni kweli, ila haijakamilika. Mwezi wa Agosti 2019 Rais Kagame alisema hadharani kwamba pikipiki za petroli zitabadilishwa ziwe za umeme. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi hapa Kigali isipokuwa ni ya umeme. Za petroli zilizokwisha kuandikishwa bado zinafanya kazi, kwa hiyo mchana unasikia zote mbili. Lakini simama Nyamirambo saa kumi na moja alfajiri, kwenye mpando, uone motari, yaani bodaboda wa huku, anavyopita na abiria wake: unasikia tairi juu ya lami, mnyororo kidogo, na wao wawili wakizungumza. Wanazungumza kwa sauti ya kawaida, swahiba. Abiria anasema "nishushe hapo kwenye duka" na dereva anamsikia bila kugeuza shingo. Wewe mara ngapi umegeuka nyuma kumuuliza abiria "umesemaje?" huku gari liko mbele yako? Watu wakisifia umeme wanataja petroli na moshi. Mimi naona lililo kubwa zaidi ni kwamba mwendeshaji anarudishiwa masikio yake. Anasikia honi ya mbali, breki za lori zinazopumua nyuma yake, mtoto anayeita kabla hajatokea barabarani.

Kubadili betri ndiko kunakowashangaza wageni. Motari anaingia kituoni, anafungua siti, anavuta betri iliyokwisha, anaitumbukiza kwenye rafu na kuchukua iliyojaa. Ni dakika chache, pengine hajavua hata helmeti. Analipia umeme alioutumia, basi. Na sehemu ya umeme huo ni wa maji yetu wenyewe, kwa sababu mtambo wa Rusumo, pale unapovukia mpaka, unazalisha megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Lakini vijana wa kijiwe chako wasidhani nawadharau. Katika hofu yao kuna jambo moja la kweli, ila wamelishika upande usio wake. Ukimya haumuui dereva wa pikipiki. Anayeweza kuumia ni mtu wa miguu.

Huko Uingereza watafiti waliangalia ajali za mwaka 2013 hadi 2017, na mwaka 2024 wakachapisha kwamba magari ya umeme na yale ya mseto, yanayotumia mafuta na umeme, yaligonga watembea kwa miguu takriban mara mbili ya yale ya petroli na dizeli kwa umbali uleule, hasa mijini. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu Julai 2021 zinadai kila gari jipya la aina hiyo litoe sauti ya kutahadharisha likiwa kwenye mwendo wa hadi kilomita 20 kwa saa, kwa kuwa juu ya hapo tairi zenyewe zinaanza kusikika. Sharti hilo ni la magari. Pikipiki haimo, na tairi zake ni nyembamba, sauti yake ndogo. Kwa hiyo kazi ya kuwalinda watu imebaki kwa aliyeshika usukani.

Watu wetu wanavuka barabara kwa masikio. Bibi anayetoka sokoni na beseni kichwani hageuki, anasikiliza. Asiyeona hana njia nyingine kabisa. Hapa Biryogo, karibu na msikiti, nilimtazama motari mmoja wa umeme akishuka taratibu huku mzee mwenye fimbo amekwisha kuweka mguu barabarani. Yule kijana alikuwa bado mbali, akapiga honi mbili fupi, laini, akapunguza mwendo, akasubiri. Mzee akainua fimbo kidogo kumjulisha kwamba amesikia, akavuka. Angengoja amkaribie ndipo abonyeze honi ndefu, mzee angeshtuka na pengine kurudi nyuma, palepale pikipiki ilipo. Zoea hivyo tangu siku ya kwanza: honi mapema na fupi, na karibu na shule, soko au stendi uende mwendo wa mtu anayekimbia, si zaidi.

Kuna mengine ambayo mkopeshaji hatakuambia. Ya petroli ukiiwasha kila mtu kijiweni anajua imewaka. Ya umeme inakaa kimya, mtoto anapanda siti anachezea mkono wa kulia, inaruka naye. Nguvu yake inakuja yote mara moja, haingoji klachi wala gia. Ukishuka, zima na uchomoe ufunguo, hata kama unanunua vocha tu. Uliza kama ina kizuizi kinachoizuia kuondoka stendi yake ya pembeni ikiwa chini, na kijaribu mwenyewe mbele ya muuzaji. Halafu mwendo: wewe umezoea kuujua kwa mlio wa injini, na mlio huo hautakuwepo. Utajikuta uko sitini ukidhani uko arobaini. Itakubidi uangalie mita hadi mwili uzoee. Kwenye mteremko pia, ya petroli ukiachia mafuta injini inakushika. Za umeme nyingine mota inashika, nyingine zinateleza tu, na breki ndiyo inabeba mzigo wote. Kabla hujapakia abiria, ishushe mteremko wa Bugando ukiwa peke yako.

Helmeti sitaki ubishi. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi umeonyesha kuwa helmeti inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Umeme hauongezi wala haupunguzi hapo, lami ni ileile. Huku motari hubeba helmeti mbili na abiria ni mmoja, mishikaki hakuna. Abiria wakikwambia ya kwako inanuka wana haki, nunua vitambaa vya pamba vya kuvaa ndani, ufue kila jioni. Na mkanda wa kidevuni ufungwe. Isiyofungwa inamtangulia mwenyewe kufika chini.

Kuhusu pesa sitakaa sana, wewe ni hodari wa hesabu kuliko mimi. Oili, plagi na kabureta unaviaga. Lakini betri mara nyingi hubaki mali ya kampuni, na ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Kwa hiyo anayemiliki vituo ndiye atakayepanga bei yako ya kila siku. Uliza vituo viko wapi kati ya Igoma, Buhongwa na mjini, na usiku vinafungwa saa ngapi. Uliza umeme ukikatika wana nini, na ukichelewesha marejesho wanaweza kuizima pikipiki kwa mbali ukiwa na abiria barabarani au la. Hilo la mwisho waliandike kwenye mkataba, si kwa mdomo. Na betri usifungue wala usiichaji nyumbani kwa nyaya za kuunganisha, hata fundi wa mtaani akuapie. Betri ya lithiamu ikishika moto huzimi kwa ndoo ya maji.

Ukiniuliza mimi, ichukue, endapo vituo vipo na mkataba hauna kitanzi. Lakini hata ukiamua kubaki na Boxer, rudishia ekzosi nzima wiki hii. Ya dukani si bei ya kutisha, na ikikusumbua nitakutumia kitu kidogo, tutahesabiana baadaye.

Piga picha kila ukurasa wa mkataba unitumie, hata ule wa maandishi madogo nyuma. Jumapili sina kazi, nitausoma wote na kukupigia jioni. Kabla ya hapo usiweke saini. Mama mwambie nimepata ile dawa ya mgongo aliyoniagiza, dereva wa lori atamletea akipita Rusumo.

Wako wa siku zote,
Fundi