Barua ya wazi kwa Docta Shefu wa Divizio ya Afya, Bukavu: goti haiponake ku seanse sita

Docta, jambo sana.

Niko kine, mwenye kutumikisha viungo bya bagonjwa mupaka birudie kufanya kazi, natumika ku hospitali moja ya hapa Bukavu, upande ya bagonjwa benye kulala kwao: mutu anakuya, tunamutumikisha mwili nusu saa ao zaidi, kisha anarudia ku nyumba. Bantu mingi banazani kazi yetu ni masaji tu, lakini leo sikuandikie juu ya ile. Nakuandikia juu ya kese, dirisha ya kulipia ku hospitali.

Kuko papa mumoja, mujengaji, alianguka ku eshafo, miti ya kupandia ku ujenzi, akavunjika mufupa ya paja. Badocta ba operasio balifanya kazi safi kabisa. Siku alifika kwangu, goti ilikuwa inakunjika digri 40 tu, nilipima na goniometre, chombo ya kupima vile kiungo inakunjika, mbele yake nikaandika ku fishi. Ku seanse ya sita tulikuwa ku 75, alikuwa anatoka jasho lakini anacheka. Sasa Docta, mu Bukavu 75 haitoshi. Kupanda ngazi inaomba karibu 90, choo ya kuchuchumaa inaomba kupita pale, na ule papa anaishi Cimpunda, kule ndani ndani fasi moto (pikipiki) haiingiake, kuko kanjia ka udongo na mangazi ya mawe, mvua ikinyesha hata mwenye miguu mizima anashikilia ukuta. Bibi yake aliniambia kama bwana anashukaka ile ngazi na matako, moja kwa moja, mutoto iko nyuma anamubebea magongo.

Kisha seanse ya sita hakurudia. Miezi mbili. Nilizani ameenda kwa fundi wa mifupa. Siku alirudia nikapima: 45! Nilimuuliza, akaangalia chini, akasema, kine, ilikuwa nilipe kese ao batoto bakule. Juu kwetu, mbele ya kila seanse lazima mugonjwa apite kwanza ku kese, alete karatasi, njo naweza kumugusa. Ongeza feza ya moto ya kwenda na kurudi, mara tatu ku posho (juma) moja. Na ile digri 30 tulipoteza, tunairudisha na maumivu mara mbili, ni mimi namusukumaka ile goti, namusikia vile anauma meno.

Na haiko yeye tu. Mama mwenye kupooza upande moja kisha AVC (kiharusi), miezi ya kwanza njo mwili inarudisha nguvu mingi, akikosa ile, kisha tutatumika sana kwa kapato kadogo. Mutoto mwenye kuzaliwa na muguu ya kupinda, tunamubadilishia plata (plasta ngumu ya kunyoosha muguu) kila posho, mara tano, sita ao zaidi, mama akiruka posho tatu muguu inaanza kurudia vile ilikuwa. Haba bote banalipa kidogo kidogo mupaka feza inaisha, na feza inaishaka mbele ya matunzo.

Docta, naomba uandikie mahospitali yote ya jimbo: matunzo ya kine iwe na bei moja ya kazi yote, yenye kujulikana tangu siku ya kwanza, mugonjwa alipe polepole, na mulango isifungwe juu leo hana kitu. Kwa operasio bei ya namna ile iko fasi mingi, sasa kwa nini mufupa iungwe kisha goti iachwe ikauke? Tena, utupe ruhusa kine mumoja apande siku moja kila posho ku santi (vituo vya afya) za komine za Kadutu na Bagira. Vyombo vyetu havina uzito, goniometre, elastike, bifuko bya muchanga, naweza kubeba byote mu sakado.

Sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inachunga haki za bantu benye kuishi na ulemavu, na ni vizuri. Lakini ule papa hayakuwa mulemavu bado, ni sisi tuko tunamufanya mulemavu, ku dirisha ya kese.

Nimemuandikia randevu ya siku ya ine, saa tatu ya asubui. Jibu yako ikifika mbele ya pale, nitapanda Cimpunda mimi mwenyewe kumuambia.

Kine mumoja wa Bukavu