Dirisha la dawa litaje kilicho bure

Ndugu Mhariri,

Jirani yangu hapa Ujiji ni mama wa miaka 67, anauza mawese kwa chupa. Ana presha, bima hana. Mwezi uliopita alitoka hospitali moja ya serikali mkoani kwetu na cheti mkononi baada ya kuambiwa dirishani maneno ambayo kila mgonjwa anayajua: "Hamna, kanunue nje." Huko nje akatajiwa bei, akahesabu hela zake, akaomba akatiwe vidonge vya siku tano. Siku tano! Dawa ya presha humezwa kila siku, mwezi baada ya mwezi, hata mtu akijisikia mzima.

Nilipokisoma kile cheti nikaona kimeandikwa Norvasc. Hilo ni jina la kibiashara. Dawa yenyewe ni amlodipine, na viwanda vingi vinaitengeneza. Nikarudi naye famasi, nikauliza kama wanayo ya kampuni nyingine. Ilikuwepo, rafu ya chini, na kwa hela zilezile za siku tano akaondoka na dozi ya mwezi. Mfamasia hakuwa ametuficha kitu; hatukuwa tumemuuliza. Basi wenzangu tuulize: dawa hii inaitwaje hasa, na ya bei nafuu ipo? Ila mtu asibadilishe kwa kukisia, maana majina ya dawa yanafanana kama mapacha. Daktari au mfamasia ndiye athibitishe kuwa ni ileile na miligramu ni zilezile.

Lakini kilichonikera si bei. Mama huyu amevuka miaka 60, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 inamtambua: mzee asiye na uwezo hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Wamo pia wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5. Dawa za kifua kikuu, za ukoma na za kufubaza virusi vya Ukimwi hazilipiwi, na dawa mseto ya malaria nayo ni bure katika vituo vya umma. Mama amehudhuria kliniki miaka minne na hakuna aliyemtajia habari ya msamaha huu wa malipo. Mimi mwenyewe niliipata kwa mpwa wangu aliye muuguzi mkoa mwingine.

Tukaanza kuitafuta ofisi ya Ustawi wa Jamii, inayoshughulikia msamaha huo. Iko nyuma ya jengo la kufulia, mlango hauna hata karatasi. Afisa alitupokea vizuri, nampongeza, akataka barua ya mtendaji wa mtaa. Mtendaji Jumatatu yuko kikaoni, Jumanne yuko kwenye mradi. Barua tuliipata Ijumaa. Sisi tunakaa karibu. Anayetoka vijiji vya ziwani kama Kagunga au Kalya kwa boti, Ijumaa hiyo kwake ni nauli mara mbili na kulala mjini kwa ndugu, kama anaye.

Najua wapo watakaosema, si wakate bima? CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza mwaka 2018 ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na kwa mwenye mshahara si mzigo. Huku kwetu hela huja na giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za mitumbwi hazivuti dagaa, na soko zima linalala, muuza mawese naye akiwemo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, uvuvi ukasimama, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Waulizeni wanawake wa mwalo wa Kibirizi waliishije. Tena hata mwenye kadi, dawa ikikosekana dirishani anaishia kuambiwa akanunue nje kama asiye nayo.

Najua pia kwamba vituo vinazitegemea fedha za papo kwa papo wanazolipa wagonjwa ili vinunue dawa nyingine Bohari ya Dawa, na labda ndiyo sababu habari ya msamaha husemwa kwa kunong'ona. Lakini asiyeambiwa hageuki kuwa mwenye hela. Anakatiwa za siku tano.

Ninachoomba kwa waganga wakuu wa wilaya zetu ni kidogo mno. Bango kwenye dirisha la malipo, herufi kubwa: dawa zipi hazilipiwi, nani anastahili msamaha, chumba cha Ustawi wa Jamii kiko wapi, na barua gani aje nayo tangu nyumbani. Kwa wasiosoma, muuguzi anayetoa elimu ya afya asubuhi pale kwenye mabenchi ayataje hayo, na kwa Kiha pia, maana wazee wetu wengine Kiswahili cha ofisini kinawapita. Nao waandika vyeti watumie jina la dawa, si la kampuni.

Kama kikwazo ni fundi wa kuandika bango, mimi nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi na mwandiko wangu bado unasomeka. Rangi ya bluu ipo, ilibaki nilipopaka mlango. Waniambie siku tu.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma