Jengo moja, milango miwili

Ndugu Mhariri, Bwana Yesu asifiwe.

Nimesoma makala yenu kuhusu makanisa ya Marekani yanayopokea watu wa rangi zote, nikacheka peke yangu kwenye basi, maana mimi nasali kwenye moja ya hayo makanisa, mwaka wa sita huu hapa Iowa. Kupokelewa tumepokelewa kweli. Saa nne asubuhi Wazungu wanasali juu na kinanda chao, saa saba mchana sisi tunashuka ukumbi wa chini na ngoma zetu. Wengi wetu ni Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Watanzania tupo familia tatu tu. Wao wanatumia mlango wa mbele sisi tunaingilia ule wa paking. Jikoni kwenye friji kuna karatasi imebandikwa, herufi kubwa: KIKUNDI CHA WAAFRIKA TAFADHALI RUDISHENI VITI. Miaka minne ya mwanzo mtu wa juu niliyemjua jina alikuwa mmoja tu, mzee anayefunga milango.

Sisemi wana roho mbaya jamani. Ukumbi walitupa bure, na baridi ikianza wanatuletea maboksi ya makoti. Lakini mtu anaweza akakupa koti miaka minne na hajawahi kukuuliza mama yako hajambo.

Hapo ndo huwa namkumbuka William Seymour, mhubiri Mmarekani Mweusi. Wazazi wake walikuwa watumwa kule Louisiana, na alitaka kusoma kwenye shule ya Biblia ya mhubiri Mzungu Charles Parham, Houston, sasa Texas ya wakati ule Mweusi haruhusiwi kukaa darasa moja na Wazungu, basi wakamwekea kiti koridoni mlango ukaachwa wazi kidogo. Anasikia kila kitu ila hayumo. Mwaka 1906 huyo huyo wa koridoni ndo akaongoza zile ibada za Los Angeles zilizoeneza Upentekoste, mtaa wa Azusa namba 312, jengo kuukuu lililowahi kufugiwa farasi, mabenchi ni mbao zimelazwa juu ya mapipa ya misumari na mimbari ni masanduku mawili ya viatu yamepandanishwa. Weusi, Wazungu, Wamexico, wote chini wamepiga magoti bega kwa bega, Marekani ya 1906 hiyo! Parham alipokuja kutembelea alichukizwa na ule mchanganyiko. Na kweli haukudumu, kufika 1914 wachungaji wengi Wazungu walikuwa wameanzisha kanisa lao la Kipentekoste, Assemblies of God, na ikapita miaka 80 mpaka siku ile Memphis mwaka 1994, mchungaji Mzungu wa hilo kanisa alipochukua beseni akamwosha miguu Askofu Ithiel Clemmons wa Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste la Weusi, huku analia. Miaka 80 kwa watu wanaosoma Biblia ile ile.

Kwetu mambo yalibadilika kwa ajili ya msiba. Mwaka juzi mwezi wa pili, theluji magotini, bibi mmoja wa ibada ya juu alifiwa na mume wake. Huku mtu akifiwa wanatuma kadi, wanaacha bakuli la chakula mlangoni, wanaondoka, wanaona ndo heshima. Wamama wetu wakasema hapana, mjane halali peke yake. Tukaenda watu kumi na wanne na sufuria ya wali na sombe, yaani kisamvu, hatukupiga hata simu. Bibi wa watu akafungua mlango akashtuka, nadhani alifikiri nyumba inaungua. Tukaingia tukakaa, viti vikaisha, wengine chini kwenye kapeti, tukaimba taratibu, hakuna aliyejua aseme nini kwa Kiingereza. Kama saa nzima hivi akaenda stoo akarudi anaburuta kiti cha kukunja, akakiweka katikati yetu akakalia mwenyewe, ndo akaanza kulia. Tulikuwa tunaenda kwa zamu mpaka siku ya maziko.

Siku hizi anashuka saa saba. Hajui Kiswahili zaidi ya "Bwana asifiwe" na "pole". Juzi kaniambia mbele za watu kwamba tunapoteza masufuria ya kanisa na mimi ndo mzembe namba moja, nikamjibu na yeye ile karatasi ya friji ni dharau, tukanuniana wiki nzima, Jumapili akaja akaibandua mwenyewe. Marehemu bibi yangu kule Bukoba alikuwa wa Uamsho, ule wa Wakristo wa Afrika Mashariki wa kutubu hadharani, ulioanza na Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini kule Rwanda, na Mganda Simeoni Nsibambi, walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 wakasoma Neno na kuomba pamoja. Alikuwa anatusimulia alivyoshangaa siku Mzungu wa misheni aliposimama kwenye ushirika akatubu kwamba anawadharau Waafrika, halafu na Mhaya mmoja akasimama akatubu kwamba anamchukia yule Mzungu. Utotoni niliona ni hadithi ya kawaida tu. Leo kila nikiangalia ule mlango wa friji namwelewa.

Sasa Mhariri, usije ukachapa barua hii watu wakadhani wabaguzi ni Wazungu peke yao. Mitaa mitatu kutoka kwetu kuna kanisa la Wamarekani Weusi. Miaka sita, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga pale. Tunawaambia watoto wetu msivae kama wale, msiongee kama wale, tunasema ni wavivu, wakati sisi wenyewe tunakula kwa kazi na haki ambazo babu zao hao hao walipigwa na kufungwa jela wakizidai. Seymour alikuwa mmoja wao! Angeingia ukumbini kwetu leo na kile Kiingereza chake cha kusini, sina uhakika kama tungemsogezea kiti. Nilipolisema hili kwenye kikao cha wazee mmoja akaniuliza ati tutaenda kufanya nini kule. Nikamwambia tutafanya kile tulichofanya kwa yule bibi, tutakaa.

Nimeshaenda kuongea na mama mmoja wa kule, tulikutana kwenye foleni ya duka. Kaniuliza mbona mmechelewa hivyo, mabasi yenu tunayaona kila Jumapili yanapita hapa. Sikuwa na jibu. Jumapili ya pili ya mwezi ujao tunakwenda watu sita na yule bibi wa saba, nimeshaomba ofu kazini, na sufuria tumekubaliana itakuwa yangu.

Msomaji wenu,
Iowa, Marekani